Namba Iliyotoka Katika Hesabu: Uhakiki Juu ya Majina ya Tarakimu na Tarehe, Nachingwea na Ruangwa

Sarufi za Kiswahili, tangu ile ya E. O. Ashton iliyotoka mwaka 1944 hata hizi za siku zetu, zimeeleza kwa uangalifu jinsi namba inavyofuatana na jina. Twajua kwamba moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya upatanisho, na kwamba sita, saba, tisa na kumi hazivipokei. Twajua pia kwamba sita, saba na tisa asili yake ni Kiarabu. Hayo yote ni kweli, nao waliotutangulia kuyaandika wanastahili shukrani. Lakini katika mafunzo hayo namba ni mtumishi wa jina tu: hutuambia vitu ni vingapi, kisha kazi yake imekwisha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba iko namba nyingine isiyohesabu kitu chochote. Kwamba namba hiyo ina dalili zake za kisarufi. Na kwamba kutoisikia kwetu kuna hasara, si kwa sarufi peke yake bali kwa watu. Mifano yangu mikubwa naitoa Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, kwa sababu huko ndiko nilikofunzwa jambo hili, baada ya kurudi kutoka ng'ambo na shahada ambayo haikunifunza.

Msomaji aniruhusu nianze na kisa kidogo. Mwaka 2011 nilimsindikiza mama mkubwa, mkazi wa Ruangwa aliyezaliwa upande wa Nachingwea, kwenda kuandikisha umri wake katika ofisi moja. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwamkia, akampa kiti, kisha akamwuliza, "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Mama mkubwa akajibu bila kusita, "Mwanangu, nilizaliwa ilipofika reli. Mama alikuwa hajatoka arobaini, watu wakaenda kulitazama gari moshi." Karani akasema, "Sawa, bibi, lakini mimi nataka mwaka." Mama mkubwa akarudia maneno yale yale, mara hii polepole, kama asemavyo mtu na mgeni asiyejua lugha. Yule kijana akamtazama usoni, akakisia, akaandika 1 Januari 1955.

Tulihakiki jibu hilo kama tunavyohakiki andiko. Reli ya Jimbo la Kusini ilifika Nachingwea mwaka 1949. Arobaini ni siku ambazo mzazi na mtoto hukaa ndani baada ya uzazi. Basi maneno ya mama mkubwa yana tarehe kamili: alizaliwa mwaka 1949, si zaidi ya siku 40 kabla ya gari moshi kuonekana. Ni vyeti vichache vya wakati huo vinavyoweza kutaja siku kwa ukaribu kama huo. Karani aliambiwa tukio lenye mwaka wake, akaambiwa na namba ya siku, naye hakusikia hata moja kati ya hayo mawili. Tarakimu alizoziandika yeye hazikuwa na shahidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Kwa hesabu yake mwenyewe mama mkubwa alitimiza umri huo mwaka 2009. Kwa hesabu ya karatasi ilimpasa kungoja mpaka 2015. Miaka yote iliyobaki kati ya siku ile na 2015, alipofika dirishani kutafuta matibabu alihesabiwa kuwa bado si mzee, akatakiwa kulipa.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: neno arobaini katika jibu lile ni namba au si namba? Tukisema ni namba, yatupasa tueleze kwa nini halina kitu linachokihesabu. Tukisema si namba, yatupasa tueleze lilikotoka.

Tuanze na maneno ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayo. Siku zetu nyingi ni namba: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hizi huanza kuhesabiwa baada ya Ijumaa. Mara baada ya Jumatano huja Alhamisi, nalo ni jina la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa hesabu inayoanza Jumapili. Kwa hiyo juma letu lina siku za tano mbili zinazofuatana, wala sijamsikia mtu akilalamika kwamba amezidishiwa. Hawezi kulalamika kwa sababu hasikii hesabu, asikia jina. Hivyo hivyo miezi inayofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa. Mwanzo wa hesabu hiyo ni kufungua saumu, tendo linalofanywa na watu pamoja. Hapo mwezi umepewa namba kwa kutazama walichofanya watu.

Mfano ulio wazi kupita yote ni fungate. Zamani, kabla saba ya Kiarabu haijaenea, hili lilikuwa neno la Kibantu la namba hiyo, kama tandatu ilivyokuwa sita na kenda ilivyokuwa tisa. Tandatu imepotea katika usemi wa kila siku. Kenda bado yasikika kwa wazee na katika baadhi ya lahaja. Fungate haitumiki tena kuhesabia. Hakuna aendaye sokoni kununua maembe fungate. Lakini kila bwana na bibi arusi hujua maana ya kukaa fungate. Neno lilipofukuzwa katika hesabu lilipata hifadhi katika desturi, na huko likadumu. Nadhani tunaweza kutoa kanuni hapa: namba iliyopokewa na desturi huweza kuishi hata baada ya kufa kwake katika hesabu.

Namba ya aina hii yajulikana kwa dalili tatu. Dalili ya kwanza ni upatanisho. Namba ya kawaida hufuata jina, lakini namba hii huongoza yenyewe. Twasema arobaini ya marehemu imefika, fungate yao imekwisha, Sabasaba ya mwaka huu imejaa watu. Dalili ya pili ni mahali. Jina la mahali mahususi, kama Lindi au Masasi, kwa kawaida halitaki kiambishi -ni. Vivyo hivyo husemwa tunakwenda Sabasaba, wala hakuna asemaye Sabasabani. Dalili ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba namba hiyo imepoteza majirani zake. Saba ya hesabu ina sita nyuma yake na nane mbele yake. Arobaini ya matanga haina thelathini na tisa wala arobaini na moja. Haijibu swali la ngapi. Hujibu lini, wapi, na mara nyingine nani. Methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini haimwahidi mwizi siku 39 za salama. Yamwambia tu kwamba siku yake ipo.

Neno Sabasaba lastahili maelezo zaidi. Kwa kawaida kurudia namba katika Kiswahili huonyesha mgawanyo: walipewa shilingi saba saba, yaani kila mtu saba. Lakini Sabasaba ni tarehe 7 mwezi wa 7, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Umbo ni lile lile, ila katika mgawanyo nasikia mikazo miwili iliyo sawa, na katika jina mkazo mmoja mkubwa mwishoni. Kwa hiyo naona inafaa la kwanza liandikwe maneno mawili na la pili neno moja. Kwa kufuata umbo hilo ikaja Nanenane, tarehe 8 Agosti, siku ya wakulima, ambayo watu wa kusini huiendea katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Hapo twaona kwamba lugha imejipatia kanuni mpya ya kuunda majina.

Wala maana ya jina hilo haitoki katika tarakimu zenyewe. Katika Dar es Salaam, Sabasaba siku hizi ni maonyesho ya biashara. Nairobi ni tarehe 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa Kamukunji ulioitishwa kudai vyama vingi, ambao walioutangaza, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wametiwa kizuizini kabla haujafika. Uganda, watu walioishi wakati wa vita vya 1978 na 1979 walilisikia neno hilo kuwa jina la mizinga ya roketi ya jeshi la Tanzania. Soko, maandamano na mzinga vimekaa katika neno moja. Mwenye kamusi akiandika tu kwamba ni saba mara mbili, hajawaeleza wasomaji lolote walilolihitaji.

Sasa turudi Nachingwea. Mwezi Februari 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, uliotokana na safari ya John Wakefield na wenzake mwaka uliotangulia. Namba za mpango huo ni nzuri kuzitazama. Zilitakiwa ekari 3,210,000, nazo zigawanywe mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Msomaji akizidisha ataona hesabu inakubali bila kubaki hata ekari moja. Zaidi ya nusu ya mashamba hayo yaliwekwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Nikilisoma andiko hilo kama mhakiki, naona kwamba namba zake zote ni za aina ya kwanza: zahesabu, zazidishwa, zajumlishwa, na mahali zinapopahesabu hapana jina. Shamba moja la ekari 30,000 ni sawa na jingine. Lakini ardhi haikukubali kuwa sawa na ardhi, wala mvua na mvua. Mwezi Januari 1951 mpango ule mkubwa uliachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilizidi pauni milioni 36. Reli nayo, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Katika namba zote zilizoletwa Nachingwea na karanga, iko moja ambayo haikuondoka. Ni 17. Mashamba ya mradi yaliitwa kwa namba, na moja katika hayo, Farm 17, katika miaka ya 1960 lilikuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO kutoka Msumbiji. Huko Samora Machel na wenzake walifundisha vijana kazi ya vita na kazi ya kulima pia. Karanga zikasahauliwa, na namba ya karanga ikawa jina la ukombozi.

Mama mkubwa hulitamka Famu Seventini, kama neno moja. Nami niliwahi kukosea hapo. Nilipokuwa nikitayarisha maandishi fulani niliona aibu kuacha namba ya Kiingereza katikati ya Kiswahili, nikaandika Shamba la Kumi na Saba. Nilipomsomea, akauliza, "Hilo la nani?" Swali lake lilinionyesha kosa langu kuliko mhariri yeyote. Kusema la kumi na saba ni kulirudisha shamba katika mstari, baada ya la kumi na sita na kabla ya la kumi na nane. Ni kulirudisha katika andiko la 1947. Lakini asemaye Famu Seventini hana haja ya kujua kama mashamba yale mengine yalikuwapo. Jambo hili lapata nguvu tukikumbuka lugha za watu wa pande zile. Katika Kiyao na Kimakua, kwa mfano, hesabu ya asili huenda kwa tano: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Mtu anayehesabu kwa namna hiyo angetarajiwa kuivunja 17 iwe kumi, na tano, na mbili. Hakuna aivunjaye. Imemezwa nzima, kwa sauti ya kigeni, kama linavyomezwa jina la mtu.

Lakini tusidhani kwamba namba iliyokwisha kuwa jina ina maana moja kwa wote. Kwa wengi kambi za Nachingwea ni chimbuko la ushindi. Hata hivyo mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji, baadhi ya waliokuwa wamehitilafiana na uongozi wa FRELIMO, akiwamo Uria Simango aliyekuwa makamu wa rais wake, waliletwa Nachingwea wakasomeshwa maungamo mbele ya watu. Baadaye yeye na wengine waliuawa. Kwa jamaa zao Nachingwea ni jina la msiba. Mhakiki mwaminifu hawezi kuandika maana moja na kuificha ya pili. Arobaini nayo ni hivyo: kwa mzazi ni siku za kutoka nje na mtoto, kwa mfiwa ni siku ya kumalizia matanga.

FRELIMO wenyewe walijua nguvu ya tarehe. Chama chao kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975. Tarehe ya kwanza yaweza kuwa ilitokea tu. Ya mwisho ilichaguliwa, ili siku ya uhuru iangukie siku ya kuzaliwa kwa chama. Tena katikati ya hizo, tarehe 25 Aprili 1974, serikali ya kidikteta ya Ureno iliangushwa na askari wake yenyewe. Mwandishi Mia Couto wa Msumbiji aliicheza namba hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1999, Vinte e Zinco: mahali pa tano ya Kireno ametia zinki, yaani bati la kuezekea. Kwa kubadili sauti moja ameonyesha kwamba ishirini na tano ya watawala na ya wenye nyumba za bati si tarehe moja. Mchezo huo usingewezekana kama namba ingekuwa bado katika hesabu. Huwezi kuichezea 25 ya kilo za mchele ukaeleweka.

Yawezekana msomaji atanipinga hivi: dola haiwezi kuendeshwa kwa maneno kama ilipofika reli, cheti chataka tarakimu, na karani ana foleni ya watu mia. Pingamizi hilo ni la haki. Tena tukio halina usahihi wa siku zote: reli ilifika mji mmoja mapema na mwingine baadaye, na mtu aweza kusema ilipofika reli akimaanisha wakati wa reli kwa jumla. Sisemi tarakimu ziachwe. Nasema kwamba tarakimu isiyotokana na ushahidi wowote haifai kuhesabiwa kuwa na usahihi kuliko tukio linalojulikana mwaka wake. Tarehe 1 Januari katika vitambulisho vya wazee wengi ni namba iliyo tupu kabisa. Kwa umbo ni tarehe, kwa maana ni alama ya kwamba mwandishi hakujua. Nayo, kama tulivyoona, yaweza kumchelewesha mtu haki yake kwa miaka.

Wala si kweli kwamba serikali haijui kusoma lugha ya matukio. Katika sensa za watu, makarani hupewa orodha ya matukio ya kihistoria ili wamsaidie asiyejua mwaka wake. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kuja kwa reli, uhuru wa 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha la 5 Februari 1967: haya ndiyo mawe ya kupimia umri wa watu. Lakini orodha hizo hutendewa kama chombo cha muda. Sensa ikiisha huwekwa kando. Kwa watu wa lugha orodha hizo ni kamusi. Zina maneno ambayo wazee huyatumia kutajia wakati, pamoja na maana yake kwa mwaka.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. La kwanza, kamusi zetu zitenge ingizo la namba iliyokuwa jina na lile la namba ya hesabu, na kila ingizo la jina liwe na ngeli yake, tukio lake na mwaka wake. Isitoshe kuandika kwamba arobaini ni nne mara kumi, kisha mengine yafuate kama ziada. La pili, mfasiri asiguse namba iliyokwisha kuwa jina, hata ikiwa katika lugha ya kigeni. Usafi wa Kiswahili haupatikani kwa kufuta historia ya wasemaji wake. La tatu, wanafunzi wetu wanaokwenda vijijini kukusanya methali na nyimbo wakusanye pia maneno ya kutajia miaka, wilaya kwa wilaya, na waandike yametamkwaje. Kimwera kilipata sarufi yake mwaka 1950 kwa kazi ya Lyndon Harries. Lakini sarufi ya lugha haiwezi kutuambia kila namna wazee wa Ruangwa wanavyotaja miaka yao. Kazi hiyo yataka masikio, na yataka ifanywe upesi, kwa sababu waliozaliwa ilipofika reli sasa wamepita miaka 75.

Mama mkubwa bado yu hai. Nilipomweleza kwamba naandika makala haya alitaka kujua kama nitaandika mwaka wake sawasawa, na nimemwahidi kwamba nitauandika. Alizaliwa mwaka 1949, reli ilipofika Nachingwea, mama yake akiwa hajatoka arobaini. Wenye kujua maneno ya namna hii katika wilaya nyingine nawaomba wayalete katika kurasa hizi, na palipo na kosa langu walisahihishe.